Mkoa unaolima bangi ndio unaovuta zaidi? Mimi wa Tarime nakataa, na sababu ninazo

Mtoto wa Sirari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna orodha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, eti "mikoa inayoongoza kwa kuvuta bangi". Mara wameiweka ya kwanza, Arusha ya pili. Haina jina la aliyeiandaa wala mwaka, na haisemi waliulizwa watu wangapi. Nimetumiwa na watu wanne, watatu ninafanya nao kazi, na wote wameweka alama za kucheka chini yake. Mimi sijacheka, na nitaeleza kwa nini.

Nimezaliwa Sirari, wilaya ya Tarime, mpakani kabisa. Ukitoka kwetu kwa miguu, muda si mrefu uko Isebania, Kenya, kwa shangazi yangu. Wakurya tuko pande zote mbili na mpaka umepita katikati yetu. Bangi kwetu ipo, sitadanganya. Ipo bonde la mto Mara, ipo milimani, na nimekua naiona. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) imeshafanya operesheni huko zaidi ya mara moja, wanafyeka na kuchoma.

Mdogo wangu naye amekulia humo humo mpaka kidato cha nne, na hakuwahi kuvuta. Alipokuja Dar kutafuta maisha alipata kazi ya kuosha magari, na pale ndipo aliposhika msokoto wake wa kwanza. Leo ana miaka 24 na tunahangaika naye. Anaongea peke yake usiku na anasema kuna watu wanamfuata. Kwa hiyo mtu akinitumia orodha inayosema tatizo liko Tarime, namwambia lililotupata sisi lilianzia Dar es Salaam.

Hoja yangu ni kwamba watu wanachanganya vitu viwili: mahali mmea unapoota na mahali moshi unapopanda. Takwimu tunazozisikia zaidi kwenye taarifa ya habari ni za kukamata. Kwa mwaka 2023 DCEA ilitangaza kukamata bangi zaidi ya kilo milioni 1.7 nchi nzima. Hizo ni kilo, siyo watu. Ukipeleka kikosi Tarime wiki mbili, kilo za Mara zinapanda. Usipopeleka, zinashuka, na wavutaji wako pale pale.

Wenzetu Kenya wamehesabu watu. NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, walipita kaya kwa kaya mwaka 2022 wakauliza wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Wanaotumia bangi kwa sasa walipatikana 518,807, sawa na 1.9%, yaani mtu 1 katika kila 53. Nairobi iliongoza kwa 6.3%, ikafuata Nyanza 2.4%, kisha Pwani 1.9%.

Nairobi inalima wapi? Bangi yake inatoka kwetu kupitia Isebania, inatoka Uganda kupitia Busia, na ile wanayoiita shashamane inatoka Ethiopia kupitia Moyale. Jiji halina shamba na limeyapita maeneo yote, tena kwa mbali sana.

Naomba tujadili kwa heshima. Nataka kujifunza, siyo kushindana.

---

Mwalimu Mstaafu Ukonga

Kijana, pole sana kwa ya mdogo wako. Mungu amsimamie.

Ila nikupinge kidogo, maana nimefundisha huko kwenu miaka sita. Nimeona wazee wakivuta baada ya kazi ya shamba kama mtu anavyokunywa chai. Nimeona vijana wanaochunga ng'ombe wakivuta kabla jua halijachomoza kwa sababu ya baridi, au ndivyo walivyoniambia. Nimewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani akiwa macho mekundu, na baba yake hakuona ajabu. Lisemwalo lipo. Kitu kikijaa mlangoni kwako, bei yake inakuwa karibu na bure, na kitu cha bure huvutwa.

Usije ukaitetea nyumba mpaka ukaficha ufa.

---

Mtoto wa Sirari

Mwalimu shikamoo. Nakubali, wapo. Babu yangu mzaa baba alivuta mpaka anakufa, na sikuliweka hilo kwenye maelezo yangu kwa sababu niliogopa watu wangelishika hilo tu. Ninachokataa ni kuruka kutoka "wapo" kwenda "ndio wanaoongoza". Hapo katikati lazima mtu ahesabu.

---

Donholm Phase 8

Nawasalimu kutoka Nairobi. Huku sisi tumeisoma hiyo ripoti na niseme ukweli, 6.3% haikushangaza mtu yeyote ninayemjua. Ukitembea mtaani jioni unasikia harufu kwenye vibanda, kwenye steji, nyuma ya kinyozi. Shada, yaani bangi, si kitu cha kujificha sana tena.

Kuna jambo moja niongezee. Miaka mitano kabla ya hapo, 2017, kiwango cha nchi kilikuwa 1.0%. Kufikia 2022 kikawa 1.9%, karibu mara mbili. Watu wanasema ni kwa sababu ya Wajackoyah, yule mgombea urais wa Roots Party aliyeahidi kulima bangi na kulipa madeni ya taifa. Mimi sikubaliani. Alipata kura 61,969 pekee mwaka huo wa 2022, na watumiaji ni zaidi ya nusu milioni. Hata wavutaji wenyewe hawakumpigia. Kilichobadilika ni mzigo kufika kirahisi na kuuzwa kwa vipande vidogo ambavyo hata mtu wa kibarua anaweza kumudu. Barabara ya Moyale hadi Isiolo imeshawekwa lami, kwa hiyo gari la ng'ombe na gari la mzigo mwingine zote zinafika Nairobi haraka.

Mimi nina watoto wawili. Wa kwanza yuko darasa la saba na tayari ananiuliza ile harufu ni ya nini.

---

Hesabu za Mtaani

Nafundisha takwimu chuo, naomba nichangie kwa utaratibu maana uzi huu ni mzuri.

Kwanza tuone 6.3% ina maana gani kwa idadi ya watu. Sensa ya Kenya ya 2019 iliipa Nairobi watu 4,397,073 kati ya 47,564,296, yaani kama 9% ya nchi. Tukichukulia theluthi mbili wako kwenye umri wa miaka 15 hadi 65, tunapata kama milioni 2.9. Asilimia 6.3 ya hao ni karibu 185,000. Hayo ni makadirio yangu ya kalamu na karatasi, hayapo kwenye ripoti, lakini yanaonesha kwamba jiji lenye 9% ya watu wote linaweza kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wavutaji wa nchi nzima. Hapo mwanzisha uzi ana hoja nzito.

Pili, hata kwetu. Sensa ya 2022: Dar es Salaam watu 5,383,728, Mara watu 2,372,015. Tufanye kiwango ni sawa kabisa mikoa yote miwili. Bado Dar itakuwa na wavutaji zaidi ya mara mbili ya Mara. Ukitafuta mahali pa kuweka kliniki, hesabu hiyo ina uzito kuliko kuwa wa kwanza kwenye orodha.

Tatu, na hapa mwanzisha uzi anivumilie: hoja yako ina upande unaokuumiza. Takwimu za kaya zinategemea mtu kukubali. Anakuja mgeni na fomu, anakaa sebuleni, mama yupo jikoni anasikia, anakuuliza "katika siku 30 zilizopita umevuta bangi?" Nairobi kijana anaweza kujibu ndiyo bila hofu kubwa. Kijijini ambako askari walifyeka shamba mwezi uliopita, nani atasema ndiyo? Hivyo tofauti kati ya jiji na shamba inaweza kuwa ni tofauti ya uvutaji, na inaweza pia kuwa ni tofauti ya woga. Sehemu fulani ya ile 6.3 dhidi ya 2.4 ni ujasiri wa kujibu. Ni sehemu kubwa kiasi gani, fomu peke yake haiwezi kukuambia.

Nne, viwango vya mikoa vinatoka kwa sampuli ndogo kuliko ya taifa. Chukulia eneo moja wamehojiwa watu 400. Wakikiri 8, ni 2%. Wakikiri 12, ni 3%. Watu wanne tu wamekusogeza nafasi mbili kwenye orodha. Pengo la Nairobi ni kubwa mno kuelezwa hivyo. Ila kubishana nani wa pili na nani wa tatu, Nyanza au Pwani, siwezi kukuunga mkono.

---

Kisimiri Damu

Nimesoma kimya kimya, sasa naandika. Mimi ni wa Arumeru, upande wa Kisimiri Juu, mteremko wa Mlima Meru. Jina la kwetu mkilisikia kwenye taarifa ya habari ni bangi. Ila hapo hapo Kisimiri kuna sekondari ambayo mwaka 2016 ilikuwa ya kwanza kitaifa kidato cha sita. Hilo watu wanalisahau haraka. Nikijitambulisha chuoni, mtu wa kwanza kuniuliza kuhusu shule sijampata bado. Wote wanauliza kama nimekuja na "cha Arusha".

Kwa nini inalimwa? Njooni mpande kwa miguu. Kuna sehemu gari haifiki, na mvua ikinyesha hata pikipiki inashindwa. Ukilima viazi au karoti, gunia linakushinda kulishusha, dalali anakungoja chini anajua huwezi kurudi nalo juu, anakupangia bei. Bangi ni nyepesi, haiozi njiani, na mnunuzi anaifuata mwenyewe. Sisemi ni halali. Nasema ndivyo hesabu ya mkulima inavyokwenda.

Na wanaolima, wengi ninaowajua hawavuti. Baba yangu mdogo alilima miaka mingi na sigara ya kawaida hajawahi kuonja. Akifumania mtoto anavuta, anachapa. Kwake ile ilikuwa ada ya shule.

Mwalimu wa takwimu umesema kweli kuhusu woga. Baada ya operesheni, mgeni yeyote mwenye daftari anaonekana ni mpelelezi, hata akiwa mtu wa chanjo.

---

Mwalimu Mstaafu Ukonga

Kisimiri Damu, umenigusa. Hata huko nilikofundisha ada zilitoka kwenye bangi hiyo hiyo, na sisi walimu tulizipokea bila kuuliza.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Salaam wapendwa. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nimefanya kazi wodi mbili tofauti, moja jijini na moja mkoani. Nisingependa kutaja hospitali.

Kwa mwanzisha uzi kwanza. Kaka, dalili ulizoandika, kuongea peke yake usiku na kuhisi anafuatwa, zisisubiri. Msimfunge, msimpeleke kwa maombi ya kufungiwa chumbani siku nne bila chakula. Nimepokea wa namna hiyo wakiwa na vidonda vya kamba. Mpeleke kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu. Ukifika, daktari atataka kujua alianza na umri gani, anavuta mara ngapi kwa siku, anavuta bangi ya kawaida au skanka, ile bangi kali, na kama kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Majibu ya hayo ndiyo yanayotuongoza. Bangi kwa kijana anayeanza mapema, anayevuta kila siku, na anayetumia ile kali, inaongeza hatari ya ugonjwa wa aina hiyo, hasa kama damu ya ukoo tayari inayo. Lakini wapo wanaougua bila kuvuta kabisa. Usije ukamhukumu kabla hajapimwa.

Kingine, watu wengi wanaleta ndugu zao kwenye kliniki za methadone wakidhani ni za dawa zote za kulevya. Methadone, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, ni kwa wanaotumia heroini. Mvuta bangi haimsaidii. Anahitaji ushauri nasaha, familia, na kama ana dalili kama za mdogo wako, dawa za kutuliza akili chini ya daktari.

Sasa kuhusu mikoa. Nilichokiona wodini ni kwamba jijini wanakuja mapema na wanakuja na mchanganyiko: bangi, pombe kali, vidonge. Mkoani wanakuja wachache, lakini wanakuja wamechelewa miaka mitatu, minne, wameshapita kwa waganga wote. Ukihesabu kwa kitanda cha hospitali, jiji litaonekana baya na mkoa utaonekana safi, kumbe tofauti ni nauli. Mgonjwa kutoka kijiji cha mbali hadi hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ni safari ya familia nzima kuuza kitu.

Kwa hiyo ongezeni na hiyo kwenye mizani yenu. Kilo zinapima polisi, fomu inapima ujasiri wa kujibu, na kitanda kinapima nauli.

---

Mtoto wa Sirari

Dada yangu, asante. Tulimpeleka kwa maombi, ndiyo. Siku mbili. Hatukumfunga. Nimesoma maneno yako mara tatu na nimemtumia mama.

---

Mwana wa Kibokoni

Nami nitie la kwetu, Mombasa. Mkisema Pwani ni 1.9% mnaweza kudhani tumesalimika. Hatukusalimika. Kila eneo lina chake. Ripoti hiyo hiyo ya 2022 inasema Magharibi ya Kenya inaongoza kwa pombe, 23.8%, karibu mtu mmoja katika kila wanne. Huko bangi si kilio chao kikubwa, ni pombe za kienyeji, busaa na chang'aa. Kwetu sisi kilio ni muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, na mihadarati ya unga. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, wakulima wa Embu wakaenda mahakamani na marufuku ikasimamishwa. Vijana wanatafuna mchana, usiku hawalali, halafu kinachowashusha ni bangi au vidonge.

Ndiyo nasema, mkipanga mikoa kwa bangi peke yake mtakuwa mnatazama kidole kimoja cha mkono. Mtoto wa mtaa wangu havuti bangi, na mamake analia vile vile.

---

Nyakwar Migori

Kwa vile Nyanza imetajwa ya pili, nami ni wa huko, acha nijibu. Kwetu tunaiita njaga. Nyanza kwenye ripoti ni eneo kubwa: ndani yake kuna Kisumu mjini, kuna wavuvi wa ziwa, kuna Kisii milimani, kuna Kuria mpakani. Namba moja, 2.4, imewafunika wote. Mvuvi anayeshinda usiku kucha majini kwenye baridi ana sababu zake, mwanafunzi wa Kisumu ana zake, na mkulima wa Kuria pengine havuti kama ndugu yetu wa Kisimiri alivyosema. Mimi binafsi nimeona ufuoni zaidi kuliko shambani.

---

Hesabu za Mtaani

Nyakwar Migori umesema jambo ambalo kitaalamu ni muhimu kuliko yote niliyoandika. Tofauti ndani ya eneo huwa kubwa kuliko tofauti kati ya maeneo. Ukiniuliza mtu fulani anavuta au havuti, sitakuuliza anatoka mkoa gani. Nitauliza ni mwanamume au mwanamke, ana miaka mingapi, anafanya kazi gani na usiku anashinda wapi. Kwenye ripoti ya Kenya wanaume wamewazidi wanawake mbali sana.

Na tahadhari kwa wanaopenda kulinganisha nchi. Nimeona watu wakisema "Nigeria 10.8%, Kenya 1.9%, kwa hiyo Wanaijeria wanavuta mara tano". Utafiti wa Nigeria wa 2018 uliuliza matumizi ya mwaka mzima uliopita. Ile ya Kenya ni ya wanaotumia sasa. Aliyevuta mara moja Krismasi anahesabiwa Nigeria, Kenya hahesabiwi. Inawezekana kabisa Nigeria wanazidi, na Afrika Magharibi na Kati kwa jumla iko juu kwenye ripoti za Umoja wa Mataifa, karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi. Lakini "mara tano" haitokani na namba hizo.

---

Baridi ya Denver

Wakuu, mimi niko Colorado mwaka wa kumi na moja sasa. Naomba niwape picha ya huku, maana jimbo hili kila mtu analitaja.

Colorado ilipiga kura kuruhusu mwaka 2012 pamoja na jimbo la Washington, na maduka yakafunguliwa 1 Januari 2014. Watu wengi wanaamini sheria ndiyo iliyowafanya watu wa Colorado wavute. Lakini Colorado ilikuwa juu ya wastani wa nchi hata kabla ya maduka. Sheria ilikuja mahali ambapo tabia ilikuwa imeshakaa. Jirani yetu Utah, tumepakana kabisa, iko miongoni mwa majimbo ya chini. Hali ya hewa inafanana, milima ile ile. Kinachotofautiana ni kanisa: Wamormoni ni wengi Utah, na imani yao inakataza hata kahawa. Juu kabisa mara kwa mara utakuta Vermont, jimbo dogo la kaskazini mashariki.

Hapa serikali kuu inauliza kila mwaka, karibu watu 70,000. Ndiyo maana wanaweza kuona mabadiliko jimbo kwa jimbo bila kubahatisha.

Halafu ujumbe kwa ndugu zetu mlioko Marekani bila uraia, hata mwenye green card: duka likiwa halali jimboni, sheria ya shirikisho bado inakataza, na uhamiaji ni shirikisho. Kukiri mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba umetumia kunaweza kukuharibia kila kitu. Nimemwona Mtanzania mwenzetu akilia kwa sababu hiyo.

---

Donholm Phase 8

Swali kwa mwalimu wa takwimu. Kama fomu zina woga na kilo zinapima polisi, basi kuna njia gani? Ama tunyamaze tu?

---

Hesabu za Mtaani

Hapana, tusinyamaze. Zipo njia. Moja ni kumwachia mtu ajibu mwenyewe kwenye karatasi au kwenye simu, anaifunga kwenye bahasha, mhojaji haoni. Inapunguza aibu. Nyingine ni kurudia kwa vipimo vile vile. Hata kama kila mwaka watu wanaficha, wakificha kwa kiasi kile kile utaona kama inapanda au inashuka. Ndiyo maana mimi ile safari ya kutoka 1.0 hadi 1.9 naiamini kuliko ule mpangilio wa maeneo.

Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Tangu 2011 wanachukua maji taka ya miji na kupima mabaki ya dawa. Maji hayaoni aibu. Lakini inahitaji jiji lenye mabomba ya maji taka yanayokusanyika mahali pamoja. Dar es Salaam nyumba nyingi ni vyoo vya shimo, na Tarime vijijini ndiyo kabisa. Kwa hiyo kwetu bado tunarudi kwa mtu kumuuliza mtu, na hapo cha maana ni nani anauliza. Mhojaji akiwa muuguzi anayefahamika kijijini, utapata jibu tofauti na akiwa mgeni aliyeshuka kwenye gari la serikali.

---

Kisimiri Damu

Hiyo ya mwisho nakuunga mkono. Kwetu yuko mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama mmoja mtu mzima. Anajua nani anavuta nyumba kwa nyumba. Hajawahi kuulizwa na mtu yeyote.

---

Mwalimu Mstaafu Ukonga

Mtoto wa Sirari, nimesoma uzi wote tangu juu. Narudisha neno langu la "lisemwalo lipo". Lipo, lakini sikujua lina ukubwa gani, na hiyo orodha nami niliituma kwa grupu la wastaafu. Nitaandika huko kwamba haina chanzo. Vipi kijana, mmefika hospitali?

---

Mtoto wa Sirari

Mwalimu, asante sana kwa hilo la orodha.

Bado hatujafika. Miadi ni Alhamisi asubuhi, mama anapanda basi kesho kutoka Tarime ili awepo. Jana nilikaa na mdogo wangu nikamuuliza yale Nesi aliyoniambia niulize. Nilikuwa sijawahi kumuuliza hata moja, nilikuwa nagomba tu. Amesema alianza na miaka 19. Walikuwa wanalala watano kwenye banda la kuoshea magari, juu ya maboksi, mbu na kelele za magari usiku kucha, na mwenzake alimpa nusu msokoto ili apate usingizi. Mwanzo ilikuwa usiku tu. Baadaye akawa anavuta asubuhi kabla ya kushika maji ya baridi. Mwaka jana wakaanza kuletewa skanka kwenye vikete vidogo na hakujua ni kitu tofauti, alidhani ni bangi nzuri zaidi.

Nesi, nimeandika yote kwenye daftari kama ulivyosema. Kuhusu ukoo, mama amenipigia akaniambia kuna mjomba wake ambaye hatukuwahi kuambiwa habari zake. Naomba kujua, hilo nimwambie daktari mbele ya mdogo wangu au nitafute nafasi peke yangu?

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwombe daktari dakika tano peke yenu kabla mdogo wako hajaingia, ni jambo la kawaida, hatashangaa. Na mama akifika, kabla hamjaenda, mwache akae na mdogo wako, ampikie chai, asianze na maswali. Beba na maji ya kunywa, foleni ya Alhamisi huwa ndefu.